Matairi ya Kiwandani: Tuyavue au Tuyaache?

*Hotuba iliyotolewa Kiwalani, Dar es Salaam, mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika mkutano wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu*



Wenzangu walionitangulia wamesimulia jinsi Chama chetu kilivyozaliwa miaka 10 iliyopita, tulipokuwa tukikodi kirikuu kwa zamu na kugombana kila asubuhi juu ya nani atangulize tenga lake. Mimi nimeagizwa na Halmashauri niseme juu ya jambo lionekanalo dogo, wala halingefaa kuletwa katika siku ya furaha kama si kwamba ndani yake mna fedha zenu na maisha ya watu wenu. Jambo lenyewe ni matairi yaliyokuja na pikapu yetu mpya.

Gari hilo mmeliona hapo nje. Limenunuliwa kwa hisa na akiba zenu, na bado halijamaliza kilometa 2,000. Dereva wetu ameandika barua kuiomba Halmashauri kwamba matairi ya kiwandani yavuliwe mara moja, yauzwe, na mahali pake yawekwe matairi makubwa yenye meno marefu, ya kupita matopeni. Mweka Hazina amepinga. Asema mtu hanunui kanzu mpya akaikata mikono siku ile ile. Halmashauri iligawanyika nusu kwa nusu, nami nikatakiwa nilichunguze jambo hili kisha nilete maoni mbele yenu, mpate kuamua ninyi wenye mali.

Kabla ya yote, yafaa nimtetee dereva. Wako waliosema kwamba apenda fahari, kwamba ataka gari lisimame juu kama la mtalii. Maneno hayo si ya haki. Wajumbe wa zamani wanakumbuka safari ya Mkuranga katika mwaka wetu wa tatu. Wakati huo tulikuwa na gari kuukuu, na matairi yake yalikuwa yamekwisha kipara. Kamati ndogo ya watu watatu ilitumwa kununua mengine. Nami nilikuwa mmoja wa watatu hao, na sahihi yangu ingali katika daftari. Tulinunua matairi manne ya mtumba kwa bei nafuu. Yalikuwa meusi, yamepakwa dawa yakang'aa, na kashata zake zilikuwa ndefu hata kidole chazama. Tukarudi tukijisifu kwamba tumeiokolea hazina fedha nyingi.

Hazikupita wiki sita. Gari lilikuwa likirudi na mihogo, jua la saa nane, lami imepata moto. Tairi la nyuma upande wa kushoto likabanduka, ngozi yake yote ya juu ikaruka kama ganda la chungwa, na gari likaenda mtaroni. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Lakini utingo wetu alivunjika mguu mahali pawili, mihogo ikabaki kando ya barabara, na Chama kikalipa gharama za hospitali zilizokula ile akiba tuliyojisifia mara nyingi. Aliyekuwa ameshika usukani siku ile ni dereva huyu huyu. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi barua yake tuipokee kama barua ya mtu aliyekwisha kuona.

Ila sasa nawaomba tufikiri pamoja. Tairi lile lilitubwaga kwa sababu gani? Meno yake hayakuwa mafupi. Yalikuwa marefu kuliko ya matairi haya mapya ambayo leo twayaogopa! Baada ya ajali ndipo nilipoinama, kwa mara ya kwanza, nikasoma maandishi ya ubavuni, na nikaona kwamba tairi lile lilikuwa limetengenezwa miaka 11 kabla ya siku ile. Lilikuwa zee, mpira wake umekauka ndani ilhali nje lang'aa. Sisi tulitazama kwa macho, wala hatukusoma. Hilo ndilo kosa letu, na yafaa tulione vizuri tusije tukalirudia kwa upande wa pili, tukavua matairi mema kwa sababu ile ile iliyotufanya tuvike mabaya, yaani sura.

Kwa hiyo juzi nilikwenda kuyasoma matairi ya gari letu jipya. Mambo niliyoyasoma kila mmoja wenu aweza kuyasoma, na afadhali kila mwanachama ayajue.

Kwanza ni umri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfuatano wa herufi uanzao na DOT, mna tarakimu nne. Mbili za mbele ni wiki, na mbili za nyuma ni mwaka. Tairi lenye 2319, kwa mfano, lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine tarakimu hizo zimeelekea upande wa ndani, na hapana budi mtu aingie uvunguni, kama nilivyoingia mimi na kanzu yangu ya Ijumaa. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri kwamba tairi likipita miaka 5 ya kutumika likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama meno yake yamesimama. Matairi yetu matano, pamoja na lile la akiba, ni ya mwaka ule ule wa gari. Kwa upande wa umri hayana lawama.

Nawakumbusha kwamba jambo hili la umri latuhusu sisi kuliko walivyohusika baba zetu. Zamani nchi yetu ilikuwa na kiwanda chake cha General Tyre pale Arusha, kilichoanza kutoa matairi mwaka 1971, na mashamba ya mpira yalipandwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga katika bonde la Kilombero. Kiwanda hicho kilisimamisha kazi mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Tairi litokalo ng'ambo hukaa melini, hukaa bandarini, hukaa bohari, kisha hukaa mlangoni mwa duka likipigwa na jua la Dar es Salaam. Duka laweza kuliita jipya, na kweli halijapata kukanyaga barabara, lakini miaka yake yahesabika tangu siku lilipotoka kiwandani. Basi hata tukiamua kununua mengine leo, yawezekana tukavua kijana tukavisha mzee.

Pili ni nguvu ya kubeba. Matairi yetu yameandikwa 265/65R17 112S. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, nacho ni sehemu 65 katika 100 za upana huo. 17 ni inchi za rimu. Herufi S ni mwendo, ambao hautuhusu, maana dereva wetu hana ruhusa ya kuukaribia. Inayotuhusu ni 112. Katika jedwali la watengenezaji, 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Matairi mawili ya nyuma, basi, yaweza kuchukua kilo 2,240. Uzito unaoruhusiwa kukalia ekseli ya nyuma, kama ulivyoandikwa katika kitabu cha gari, haufikii hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba gari likipakiwa mzigo wake wa halali, tairi lina nafasi ya kupumua. Wasemao kwamba matairi haya hayawezi mzigo wamekisia tu.

Lakini hesabu hiyo ina sharti, na sharti lenyewe ni upepo. Tairi lenye upepo mchache hulala ubavu. Kila likizunguka, ubavu hukunjwa na kukunjuliwa. Kule kukunjwa huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi zake. Ongeza juu yake mzigo uliozidi na lami ya saa nane, ndipo tairi hupasuka. Kipimo kinachofaa kimeandikwa katika kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi kuna kipimo cha gari tupu na kingine cha gari lenye shehena. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, si baada ya safari. Nauliza, ni nani kati yetu aliyewahi kusoma kibandiko kile? Hata siku ile ya Mkuranga, pamoja na uzee wa tairi, hakuna aliyepima upepo kabla ya kupakia. Wala hakuna aliyepima mihogo.

Sasa niingie katika fedha. Nitatumia hesabu ya mfano ili iwe rahisi, maana bei za dukani hupanda na kushuka. Tuseme tairi moja jipya ni shilingi 400,000. Manne ni shilingi 1,600,000. Tuseme haya ya kiwandani tukiyauza leo tutapata shilingi 200,000 kwa kila moja, kwa kuwa mnunuzi atasema yamekwisha kutumika. Tutapokea 800,000. Basi tutakuwa tumepoteza shilingi 800,000 kwa kuvua vitu ambavyo bado havijafanya kazi. Kama hisa moja ni shilingi 10,000, hizo ni hisa 80. Nawaza juu ya mama wa mchicha alipaye hisa yake kwa vipande. Tutamwambia nini akiuliza hisa 80 zimekwenda wapi?

Hesabu hiyo ingekuwa halali kama usalama ungeongezeka. Je, waongezeka? Hapa ndipo penye barabara. Gari letu litalala Kiwalani, na kila siku litashika Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee waliiita Barabara ya Pugu, kuelekea Buguruni na Ilala. Litakwenda Mkuranga kwa Barabara ya Kilwa, na kwa msimu wa mananasi litakwenda Kiwangwa. Sehemu kubwa ya safari hizo ni lami. Tairi la matope lina meno makubwa yenye nafasi pana katikati, na hivyo mpira unaoshika lami ni mchache. Mvua ikinyesha, daladala ikasimama ghafula mbele yako, tairi hilo halishiki breki kama hili la kiwandani. Tena hula mafuta zaidi na hupiga kelele. Na likiwa kubwa kupita lile la asili, mshale wa mwendo hudanganya. Duara likizidi kwa sehemu 5 katika 100, mshale ukionyesha 80 gari laenda 84, na dereva adhani yu katika sheria.

Hata hivyo siwezi kukana kwamba dereva ana hoja moja isiyojibika kwa lami. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, njia za ndani za kufikia mashamba huwa matope matupu, na matairi haya yatazama. Siku hizo tutapata hasara ya kweli. Nimelipima jambo hili, na naona ni nafuu gari lisimame pale lami inapokoma, mzigo ukaletwa kwa bodaboda au kwa guta, na gharama hiyo ikaandikwa daftarini, kuliko kuvaa viatu vya matope mwaka mzima kwa ajili ya miezi mitatu. Penye mchanga dereva ajua namna ya kupunguza upepo kidogo apate kupita, ila lazima awe na pampu garini, aurudishe upepo kabla hajarudi lamini.

Mweka Hazina naye nina neno kwake, asije akadhani nimemwunga mkono kwa yote. Yeye alisema matairi yakae mpaka yaishe. Yaishe maana yake nini? Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vilivyoinuka milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, tairi limekufa. Lakini kwenye maji tairi huanza kuteleza kabla ya hapo, na watu waangalifu hubadili yakibaki milimita 3. Kungoja kipara ili kuokoa zile milimita za mwisho ndiyo akiba ile ile iliyovunja mguu wa mwenzetu.

Tena ziko sababu ambazo zikitokea tutabadili hata kama ni kesho, wala asiwepo mtu wa kusema matairi bado mapya. Ubavu ukivimba, nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo haliendi tena hata hatua moja. Ubavu ukichanika kwa jiwe, fundi pancha asiuzibe, kwa kuwa ubavu hauzibiki. Tairi likila upande mmoja, kwanza mpangilio wa magurudumu usahihishwe, ama sivyo tairi jipya nalo litaliwa vivyo hivyo. Chama kikibadili kazi ya gari, tukaanza kwenda njia za mawe kila siku, basi tutafute tairi lenye ubavu mnene. Na lolote tutakalonunua, lisilingane na wenziwe kwa ukubwa wa rimu tu. Matairi ya ekseli moja yawe ya aina moja, na kwa kuwa gari letu huvuta kwa magurudumu yote manne, duara za yote manne zilingane, tusije tukavunja difu kwa ubahili.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano mapendekezo manne.

La kwanza, matairi ya kiwandani yasivuliwe sasa.

La pili, Chama kinunue kipimo cha upepo na pampu, na dereva apime kila Jumatatu alfajiri na kila kabla ya safari ndefu, aandike katika daftari la gari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kilometa 10,000 matairi yahamishwe nafasi zake, la akiba likiwamo.

La tatu, uanzishwe mfuko wa matairi. Kwa ule mfano wangu, matairi ya shilingi 1,600,000 yakienda kilometa 40,000, kila kilometa imekula shilingi 40. Basi kila kilometa 1,000 mweka hazina atenge shilingi 40,000 zisizoguswa kwa jambo jingine. Siku matairi yatakapofika milimita 3, fedha zitakuwapo, wala hakuna kamati itakayolazimika kwenda tena kutafuta vya bei nafuu.

La nne, nalo ndilo naliona kubwa kuliko yote, dereva apewe mamlaka kwa maandishi ya kukataa kuondoka. Akiona mzigo umezidi, au tairi limevimba, au upepo haukutimia, asema hapana, na hapana mjumbe, wala Mwenyekiti, wala mimi, mwenye ruhusa ya kumwamrisha. Dereva wetu aliomba matairi mapya kwa sababu siku ile ya Mkuranga hakuwa na uwezo wa kukataa. Aliona gari limelemewa, akasema, nasi tukamwambia mteja angoja. Naamini kwamba tukimpa haki hiyo tutakuwa tumempa kinga kubwa kuliko ile aliyoiandika katika barua yake.

Wanaushirika wenzangu, yule utingo aliyevunjika mguu yuko nasi ukumbini. Ndiye mtunza bohari wetu, na ninyi nyote mwamjua kwa mwendo wake. Nilimwendea kabla sijaandika maneno haya, nikamwuliza kama yeye angekuwa Halmashauri angeamuaje. Akanijibu kwamba siku ile hata mmoja wetu hakuinama kulitazama tairi, naye hakuinama. Kisha akaniuliza kama sasa nainama. Kanzu yangu yenye alama ya mafuta ndiyo iliyomjibu.

Mungu akibariki Chama chetu, tutakutana tena hapa Kiwalani katika mwaka wa 20. Ningependa siku hiyo mweka hazina asimame na daftari la gari hili, atusomee tangu ukurasa wa kwanza, na kila Jumatatu iwe na mstari wake.

Bwana Mwenyekiti, natoa hoja.